Pacha wa Odeta

Odeta aliwatambua papo hapo. Vijana watano walisimama kando ya barabara pale Nyamagana, kila mmoja na utepe wa njano mkononi, kama walivyokubaliana kwenye kundi la mashabiki la WhatsApp. Wa kwake alikuwa ameufunga tangu alfajiri, kabla ya kupanda meli Nansio.

Tarumbeta zilishaanza kusikika. Timu ilikuwa inakuja na kombe lake juu ya gari la wazi.

Tangu afiwe na mumewe, hao ndio watu pekee aliobaki kucheka nao. Aliandika tu, hakuwahi kutuma picha wala sauti. Kuhusu umri hakudanganya, hakuna aliyemuuliza. Na yule msichana mwenye rasta, aliyemjua kwa picha zake, walikuwa wakiitana pacha.

Akamsogelea, neno hilo likiwa mdomoni.

Msichana akageuka, akaziona mvi, akapiga goti kidogo kwa adabu. "Shikamoo mama. Samahani, hapo tumemwekea mwenzetu nafasi."

"Shikamoo mama," wenzake wakadakia.

Pacha haamkiwi.

Odeta akavuta kitenge, akaufunika utepe. "Marahaba, wanangu," akasema, akarudi nyuma hatua mbili.

"Ngoja nimpigie pacha wangu," msichana aliwaambia wenzake. "Asije akapitwa na kombe."

Mkoba wa Odeta ukaanza kuita. Akaukumbatia kwa mikono miwili, lakini haukunyamaza.

Msichana akamgeukia tena, simu ikiwa bado sikioni.

"Mama," akasema kwa upole, "simu yako inaita."