Kengele za Ngome ya Chumvi

Ramani ya mchezo wa kompyuta walikuwa wameichora kwa rangi juu ya meza ya barazani, na vizibo vya soda vilionyesha nani alibaki anatawala wapi baada ya vita. Ngome ya Chumvi ndiyo iliyowasumbua, kwa sababu mchezo wenyewe haukusema ilibaki mikononi mwa nani. Mwanaidi na mchumba wake, Shomari, walikuwa wamempa Malkia, mmoja wa watawala wa mchezo huo, kwa kizibo chekundu.

“Malkia hakuipata,” alisema Salha, jirani aliyehamia juzi tu. “Ukikaribia lango unasikia kengele. Jeshi la Malkia lina kengele wapi? Wenye kengele ni watu wa mtoni.”

Shomari alijipiga paja. “Lahaula! Hilo mbona hatukuliona, Mwanaidi?”

Habari ya kengele Mwanaidi mwenyewe alikuwa amemweleza Shomari, kwenye meza hiyohiyo, tangu mwaka jana. Siku ile Shomari alicheka mpaka akapaliwa, akamwambia anaota, naye akakubali yaishe. Leo kengele zilezile, kwa kuwa zimetoka kinywani mwa Salha, zimemng'arisha Shomari uso kama bwana harusi. Tayari alikuwa ameking'oa kizibo chekundu na kuweka cha buluu, cha watu wa mtoni.

“Kirudishe,” alisema Mwanaidi. “Ngome ni ya Malkia. Kengele aliziteka vitani.”

Mwenyewe hakuliamini hata neno moja alilolisema. Alimpokonya Shomari kizibo chekundu, akakibandika pale ngomeni, akakikandamiza kwa kidole gumba kana kwamba kingetoroka.

Shomari hakumtazama. Alimgeukia Salha, akangoja kusikia atasemaje.