Tembo na Mafundi wa Ndani

Tembo, aliyezoea kutiiwa na kila mnyama, alishikwa na mafua. Makamasi yakamtiririka, naye kwa hasira akauziba mkonga kwa tope. Lo! Kichwa kikawa kizito kama jiwe.

Kando yake Mchwa alikuwa akitoa udongo uliolowa kwenye kichuguu kilichoingia maji.

"Mzee, nikiziba mlango huu, taka nitazitolea wapi?" Mchwa akamwuliza. "Hata humo mwilini mwako wamo mafundi wadogo kazini, wanapigana na mafua, na makamasi ndiyo taka zao. Wafungulie, kisha unywe maji, ulale."

Tembo akauzibua mkonga, akanywa, akalala. Siku chache baadaye aliamka mwepesi, akapigwa na butwaa: yeye, mkubwa wa pori zima, amepiganiwa na wadogo asioweza hata kuwaona!

Tangu hapo, kila akipiga chafya, huinamisha kichwa na kunong'ona, "Poleni na kazi."