Unyayo wa Kiongozi

Usiku ilisikika sauti moja, ya ulimi ukilamba. Nguchiro akatoka shimoni, akamkuta Mbwa Mwitu, kiongozi wa kundi, amejificha nyuma ya kichuguu, akiulamba unyayo wake.

"Shangazi, walamba nini?"

"Vumbi."

"Vumbi halina maji ndani. Hilo ni lengelenge. Unyayo ulipoanza kuchoma ungesimama, ukapaka mafuta. Sasa usilitoboe. Pumzika siku tatu."

"Kwetu, anayesimama kwa ajili ya mguu huachwa, na jina lake halitajwi tena. Sheria hiyo niliiweka mimi."

"Umewahi kumwacha nani?"

"Binti yangu. Aliomba tusimame kidogo."

"Aliitwa nani?"

Mbwa Mwitu akaurudia unyayo wake, akaendelea kulamba.

Kulipokucha kundi likaanza mbio, naye akakimbia mbele. Lengelenge likapasuka kabla hawajafika mtoni, akaanguka mchangani. Wanawe wakampita mmoja mmoja, macho mbele, kama alivyowafundisha.

"Nisubirini," akasema.

Hakuna aliyegeuka. Alibaki akiwatazama mpaka wakapotea. Ndipo, kwa sauti ndogo, akalitaja jina ambalo hakuwa amelitamka tangu kiangazi kilichopita.

"Nyamizi."