Uchaguzi Ulivyoahirishwa Mkonze

Uvumi ulifika Mkonze kabla maandazi ya Evelina hayajapoa: kuna mheshimiwa mmoja hapa Dodoma amesema uchaguzi uahirishwe miaka mitano, watu wapumzike.

Bi Tabu aliusikia akiwa anafagia uwanja. Akafagia tena palepale alipokwisha kufagia. Akaingia ndani, akatoka. Lile neno halikumtoka kichwani. Huyo mheshimiwa akianguka, na mwanawe Mudi ameanguka. Wale gari moja, asubuhi mpaka jioni.

Mtaani Mudi aliitwa dereva wa wakubwa, na Bi Tabu hakubishana na mtu. Kijana alikaa Makole, si mbali kwa bodaboda, lakini mwezi wa tano huu hajaja kula kwa mama yake.

Saa nne, ile miaka mitano ilikuwa imeshafika kumi. Saa sita ikawa mpaka kiyama.

Barazani, Evelina, ambaye ni mpinzani hadi kitambaa cha kichwani, alikuwa amegoma kumuuzia Gideoni andazi.

"Ninyi wa chama tawala mnataka kututawala mpaka makaburini. Kanunue andazi kwa mheshimiwa wako."

Gideoni, fundi cherehani, hakuinua macho. "Kasema cha maana. Kila uchaguzi tunapigiana kelele, tunaambulia kofia. Tupumzike."

"Ukipumzika, sare zetu za kwaya atashona nani?"

"Mimi nimesema tupumzike kura. Cherehani sijaitaja."

Saa saba redio ya Gideoni ikatoa jina. Ni Mheshimiwa Halfani, wa upinzani. Waandishi walipomuuliza alisema ndiyo, maneno ni yake, lakini alikuwa anatania.

Evelina akageuza maandazi mawili. Kisha akasema, "Sasa mtu akitania mnataka anyongwe? Kupumzika kuna ubaya gani?"

Gideoni akasimamisha cherehani. "Ubaya gani? Mimi nikae miaka mitano bila kupiga kura?"

"Kwani sasa hivi unapiga kila Ijumaa?"

"Huyo anaua demokrasia. Na andazi lako silitaki tena."

Bi Tabu akashindwa kuvumilia. Akawafuata barazani, pembe ya kanga kaikunja mkononi kama anataka kuikamua.

"Wanangu, nawaomba. Lizimeni hili neno. Chama kikilishikilia, mwanangu hana kazi."

"Shikamoo mama," wakasema wote wawili, maana tangu asubuhi walisahau kumwamkia.

"Marahaba. Lizimeni."

"Mama Mudi, dereva hafukuzwi kwa mdomo wa bosi wake," Gideoni akasema. "Atapewa bosi mwingine. Safari hii wa chama chenye heshima."

Evelina akamvuta pembeni, akashusha sauti. "Mama, mimi Mudi sikumtaja hata kidogo. Nilisema tu nimelipata kwa mtu wa ndani ya gari."

Hapo Bi Tabu akakumbuka. Jana yake jioni Evelina alikuja kurudisha ungo, akapitia mlango wa jikoni. Bi Tabu alikuwa anasonga ugali wa uwele, simu iko juu ya ndoo, kaiweka laudispika kwa sababu mikono yote ilikuwa kwenye mwiko. Alikuwa anamuuliza Mudi lile swali la kila siku, unakuja lini kula. Mudi akacheka. Akasema, "Mama, labda waahirishe uchaguzi miaka mitano, watu tupumzike, kama bosi anavyosema, ndiyo nitakuja." Evelina akaweka ungo chini, akaaga, akaondoka haraka kuliko kawaida yake.

"Evelina, yale yalikuwa maneno ya mtu na mama yake."

"Ndiyo nikajua ni ya kweli, mama. Nani atamdanganya mama yake?"

Bi Tabu akarudi ndani.

Saa tisa redio ikasema viongozi wa chama wamemwita Mheshimiwa Halfani wamhoji. Bi Tabu alimpigia Mudi mara nane, simu inaita tu. Akajaribu kuswali, akapoteza hesabu ya rakaa, akaanza upya. Mwisho akabandika sufuria jikoni, maana hakujua kitu kingine cha kufanya. Akachambua mlenda mwingi, wa kulisha watu sita, na ndani yuko peke yake.

Jua linaelekea kuzama, gari kubwa jeusi likasimama mlangoni kwake. Evelina na Gideoni, ambao walikuwa hawasemeshani tangu mchana, walisogea kwenye ua bega kwa bega, wamwone huyo dereva anafananaje leo. Bi Tabu akatoka na mwiko mkononi. Milango miwili ya gari ikafunguka kwa pamoja.

Kwa hiyo, mama mwenye mtoto mwenye kazi kubwa aepuke haya:

Kuweka simu laudispika wakati anasonga ugali.

Kumwachia jirani mlango wa jikoni, hata kama karudisha ungo.

Kumuuliza mtoto atakuja lini, mwaka wa uchaguzi.

Kupiga simu mara nane. Mara mbili zinatosha.

Kuchekelea mbele ya majirani, siku chama kimemsimamisha Mheshimiwa kazi zote mwezi mzima, Mudi anashuka mbele na Mheshimiwa anashuka kiti cha nyuma na begi lake, anasema, "Shikamoo mama. Kuna ugali?"