Mwiko wa Tanuri

Askari wa kampuni ya migodi walifika kulivunja tanuri la Mulongo wakati shaba ilikuwa imeshayeyuka ndani. Aliyewaongoza ni koplo Kyungu, mtoto wa dada yake mwenyewe. Alijua mwiko wa wayeyusha shaba: hakuna anayefungua kinywa mpaka shaba itoke.

"Mjomba," alisema, "mlikatazwa kazi hii. Tamka tu kwamba mmeacha, nasi tutaondoka."

Mulongo alinyamaza. Kyungu akampiga mvukutaji wa moto kwa kitako cha bunduki, meno yakamwagika kwenye majivu. Mtu yule alitema damu akaendelea kuvukuta, bila hata kuguna.

"Basi tanuri litakusemesha."

Akachukua sururu, akazunguka nyuma. Alikuwa ameuhama mji kabla ya kuruhusiwa kusimama karibu na moto, kwa hiyo hakujua kwamba mfereji mkavu aliokanyaga ndio njia ya shaba, wala kwamba pale alipolenga pamezibwa kwa udongo tu.

Mulongo alijua. Ulimi ulimwinuka. Neno moja lingetosha: toka. Akawatazama watu wake, nao walikuwa wakimtazama yeye. Akameza mate.

Sururu ikatua.

Mayowe ya Kyungu yalipokwisha, shaba ilikuwa imejaa kwenye kalibu, shimo la umbo la msalaba lililochimbwa mchangani, ikianza kuwa nyekundu, na kiatu kimoja kikiungua katikati yake. Watu wote, hata askari, wakamgeukia Mulongo. Shaba ilikuwa imetoka. Sasa aliruhusiwa kusema.