Dau la Theluji kwenye Duka la Darajani

Kila Desemba baba alinizungusha maduka yote ya kamari ya mji wetu wa Ballina, Ireland, tukilinganisha nani analipa vizuri theluji ikianguka siku ya Krismasi. Tukishajua, alikwenda kuweka dau lake kwenye duka la darajani, lenye malipo mabovu kuliko yote. Mama yangu, Dympna, alikuwa akimcheka hadi machozi, wala hakumrekebisha.

Mwaka huu, wa kwanza bila mama, nilimwonyesha malipo yote kwenye simu.

"Baba, kwingine sita kwa moja. Hapa nne. Acha ubishi basi!"

"Hebu tulia, we mtoto."

Ubao wa dirisha la kuwekea dau ulikuwa umelika kwa viwiko vya watu. Baba akaegemeza chake, akapenyeza noti chini ya kioo.

Msichana wa dirishani akainama, akanong'ona, "Mzee, usiseme nimekwambia mimi, lakini jirani wanalipa sita."

Baba akavua kofia.

"Dympna naye aliniambia hivyohivyo," akasema, "siku ya kwanza kumwona. Dirisha hilihili."

Msichana akasukuma noti kuirudisha. Baba akaizuia kwa kidole.

"Andika tu, binti. Theluji."