Betri Ikichemka

Betri imevimba kama andazi juu ya sanduku la nguo za harusi ya binti yangu, nami niko kitandani, sifiki. Miguu yangu ilikufa siku lori langu lilipopinduka kwenye mteremko wa Kohat.

Betri ni ya kilori hiki cha kuchezea cha rimoti, kaninunulia mke wangu. Nimekichora tausi, nikakivisha njuga kama lile langu.

"Baba Palwasha, mwenye duka kasema betri hii ina chaja yake," aliniambia asubuhi.

"Nimezeekea kwenye malori, leo unifundishe betri? Chomeka kwenye chaja yangu ile ile ya zamani."

Akachomeka, akapanda juu ya paa kuanika nguo. Betri ilipopata moto nikafurahi. Betri ya lori ikichemka, ndiyo imejaa.

Nimeuvuta waya kwa fimbo, umechomoka. Betri bado inavimba. Sasa ganda limechanika, linatoa moshi mweupe.

"Hatari!" napiga kelele. "Mama Palwasha, hatari!"

Tangu kilori kije, nashinda nikipaza sauti hivyo hivyo kila kinapokata kona chumbani.

Huko juu anacheka. "Pita, dereva! Njia nyeupe!"